Nyumba Nayo Hula: Iwekee Fungu Lake Kabla ya Mvua

Ukimwuliza mkulima wa skimu ng'ombe wake hula nini kwa mwezi, atakujibu mara moja: chakula cha dukani magunia kadhaa, chumvi ya mawe, dawa ya kupe, dawa ya minyoo. Ameyaandika yote, au mama wa nyumba ameyaandika. Lakini mwulize nyumba yake hula nini kwa mwezi, naye atacheka. Nyumba ina mdomo gani? Basi Aprili ikifika, upepo ukang'oa mabati 4 usiku na maji yakaingia mpaka kwenye mahindi, hapo atasema amepatwa na jambo asilolitazamia.

Hatusemi haya kwa kumlaumu mtu aliyefunuliwa paa. Upepo ni upepo, na mvua ya mawe ya Kinangop haimwulizi mtu kama ana akiba. Lakini mara nyingi, ukiyaokota yale mabati yaliyoanguka kwenye viazi na kuyatazama vizuri, utaona kwamba tundu la msumari lilikuwa limepanuka zamani, na kutu imelizunguka kama pete. Bati lile lilikuwa likipigapiga kila upepo ulipovuma, na watu wa nyumba walilisikia usiku wakajifunika blanketi. Wakati ule msumari mmoja na kipande cha mpira vingetosha. Sasa yanatakiwa mabati 4, mbao, misumari kilo nzima na ujira wa fundi, na mahindi yaliyolowa ni hasara juu ya hasara.

Kwa mkulima wa skimu jambo hili ni zito kuliko kwa mtu mwingine, na sababu yake ni ya zamani. Mpango wa kugawa ekari milioni moja ulianza mwaka 1962, na familia zaidi ya 30,000 zilipata mashamba katika nchi iliyokuwa ya Wazungu. Hawakupewa bure. Mkopo wa ardhi ulikuwa wa kulipwa kwa miaka 30, na ule wa maendeleo, yaani wa ng'ombe, ua na vifaa vya kazi, kwa miaka 10, kwa faida ya 6.5 kwa mia kila mwaka. Hesabu ilipangwa hivi: shamba lilishe familia, lilipe mkopo, kisha limwachie mkulima fedha kidogo za mkononi, ambazo katika mashamba madogo zilikuwa pauni 25 kwa mwaka. Katika hizo pauni 25 ndimo ilimopasa itoke karo, nguo, mahari, mchango wa mazishi, na bati. Si ajabu kwamba wengi walichelewa kulipa, na si kweli kwamba wote waliochelewa walikuwa wavivu.

Miaka mingi imepita, na wengi wamekwisha kulipa deni lao. Lakini skimu nyingine zilikuja baadaye, na palipo na deni sheria ni ile ile: hati ya shamba haitoki mpaka deni la shamba liishe. Fedha ya mkopo ikichukuliwa kuezekea nyumba, paa linapona na hati inazidi kwenda mbali. Fedha ya karo ikichukuliwa, mtoto hukaa nyumbani. Ng'ombe akiuzwa, maziwa yamekwisha, na maziwa ndiyo yaliyokuwa yakilipa yote mawili. Bati moja lililolegea laweza kugusa mambo haya yote kwa usiku mmoja.

Kwa hiyo shauri letu la kwanza si la nyundo, ni la kalamu. Chukueni daftari la shule, mkae baba na mama pamoja jioni moja, mkaandike kila fedha iliyotoka ghafula tangu mwezi kama huu mwaka jana. Andikeni tarehe, jambo lenyewe, kiasi, na mahali fedha ilipotoka. Msione haya kuandika kwamba fedha ilitoka kwa mwenye duka. Mama wa nyumba lazima awepo, maana tundu la paa yeye hulijua kabla ya baba. Yeye ndiye awekaye sufuria chini yake.

Mkimaliza mtaona jambo la kushangaza kidogo. Sehemu kubwa ya mambo hayo hayakuwa ya ghafula hata kidogo. Karo ya Januari ni ya Januari kila mwaka tangu shule zijengwe, na shule hufunguliwa tena karibu na mwisho wa Aprili, na tena Agosti. Huko si kupatwa na jambo, ni kusahau kalenda. Mambo mengine hayana tarehe, lakini hayakosi kuja: mtoto kuugua, ndama kuharisha, jembe kuvunjika mpini, betri ya sola kufa, mchango wa jirani aliyefiwa, bati, mlango uliooza chini. Hujui litakuja lipi wala mwezi gani, ila wajua kwamba matatu au manne kati yao yatabisha hodi kabla mwaka haujaisha. Yanayobaki, yale ya ghafula kweli kweli kama radi, moto, au mvua ya mawe ya kuvunja kila kitu, mkiyahesabu ni machache sana.

Juu ya ugonjwa tutasema neno moja tu, kwa sababu ndio unaouza ng'ombe wengi kuliko paa. Tangu Oktoba 2024 mahali pa NHIF pamechukuliwa na SHA. Mtu asiyepata mshahara hulipa kwa kipimo cha pato la nyumba yake, 2.75 kwa mia, wala si chini ya sh. 300 kwa mwezi, na malipo yake ni ya mwaka mzima kwa pamoja. Kwa kima cha chini hiyo ni sh. 3,600. Kutoa sh. 3,600 siku moja ni kazi, ndiyo, lakini fedha hiyo ina tarehe, na jambo lenye tarehe laweza kuwekewa akiba. Kulazwa hospitali bila kuwa umelipa hakuna tarehe wala hakuna kima. Andika siku yako ya kulipa kwenye jalada la lile daftari, na uanze kuiwekea miezi 6 kabla.

Sasa fungu la nyumba. Tuseme familia hupeleka lita 12 za maziwa kila siku kwenye chama cha ushirika, na bei ni sh. 45 kwa lita. Hiyo ni sh. 540 kwa siku, na kwa siku 30 ni sh. 16,200. Wakitenga shilingi 5 katika kila 100, zitakuwa sh. 810 kwa mwezi, na kwa mwaka sh. 9,720. Hazitajenga nyumba mpya. Lakini zitanunua misumari, bati moja mbili, mbao kadhaa, na siku chache za fundi, na kwa nyumba iliyo nzima hayo ndiyo matengenezo ya mwaka. Mwaka ambao hakikuharibika kitu, fedha ibaki pale pale. Isigeuzwe kuwa redio.

Mtu atasema, hizo sh. 810 zinatoka wapi, na hata sasa fedha haitoshi? Ni swali la haki. Jibu ni kwamba zitoke kabla hazijafika mkononi. Vyama vingi vya maziwa hulipa kupitia SACCO, na mwanachama aweza kuagiza kwamba kiasi fulani kikatwe kila mwezi na kuwekwa akiba. Fedha ambayo hukuiona huitamani. Ukiiweka kwenye kopo chini ya kitanda, kila mgonjwa wa ukoo atajua ipo. Na ukiiweka kwenye simu ile ile unayonunulia sukari, basi itanunua sukari.

Mkulima wa mahindi, wa Lugari au Trans Nzoia, hapati fedha kila mwezi, kwa hiyo yeye na ahesabu kwa magunia. Wakati wa kuvuna, kabla ya kuuza hata moja, atenge magunia 3 na kusema, haya ni ya nyumba. Ayakaushe vizuri, unyevu usizidi 13.5 kwa mia, ayaweke juu ya mbao mbali na ukuta, na asiyaguse mpaka Mei au Juni. Kwa kawaida bei ya mahindi huwa chini Desemba, wakati kila mtu anauza, na hupanda katikati ya mwaka, wakati ghala za wengi ni tupu. Tena Mei ndio mwezi ambao paa limekwisha kukuonyesha pale linapovuja.

Tuingie juu ya paa, maana huko ndiko fedha nyingi huendako.

Siku nzuri ya kutazama paa ni siku kavu ya Februari, kabla ya mvua kubwa ya Machi hadi Mei. Ya pili ni Septemba, kabla ya mvua ya vuli. Kwanza ingia ndani mchana, funga milango na madirisha, ngoja macho yazoee giza, kisha tazama juu. Kila tundu litaonekana kama nyota. Mtu mwingine awe nje na kijiti kirefu, na wewe uliye ndani umwelekeze kwa sauti mpaka kijiti kiguse pale pale, naye apaweke alama kwa chokaa. Ukingoja mvua inyeshe ndipo utafute tundu utadanganyika, kwa kuwa maji hayadondoki mahali yanapoingilia. Hutiririka kwenye mbao inayobeba bati, wakati mwingine hatua 3 nzima, ndipo yaanguke. Ukiona tone, tundu lake litafute upande wa juu, kuelekea kilele cha paa.

Ukipanda, usikanyage bati katikati, litabonyea na kufunguka. Kanyaga kwenye mistari ya misumari, maana chini yake kuna mbao, na ni vizuri zaidi kulaza ubao mrefu juu ya mabati ukatembea juu ya huo ubao. Ngazi ishikwe na mtu. Usipande paa lenye umande.

Kosa tunaloliona katika nyumba nyingi ni msumari uliopigwa bondeni. Bati lina migongo na mabonde, na maji hupita bondeni. Msumari uliopigwa bondeni umekaa mtoni mvua yote, na mpira wake ukichoka, maji huingia moja kwa moja. Msumari ni wa mgongoni, uwe ule wenye kofia pana na mpira chini yake. Usiupige mpaka mgongo ubonyee, wala usiuache ukielea. Bati na bati yapandane kwa migongo 2 upande wa ubavuni, na mdomo wa mpandano uelekee kule upepo unakokwenda, si kule unakotoka. Usipofanya hivyo, upepo hutia kidole chini ya bati kila siku.

Tundu dogo la kutu halihitaji bati jipya. Lisugue kwa brashi ya waya mpaka chuma king'ae, lifute likauke kabisa, pakaa lami, bandika kipande cha kitambaa kizito au gunia safi juu ya lami, kisha pakaa lami tena juu yake mpaka kitambaa kisionekane. Kiraka hicho chaweza kukaa misimu kadhaa. Msumari uliolegea kwa sababu mbao imeoza usiupige tena pale pale, hautashika. Sogea inchi 2 pembeni penye mbao nzima, au badili kipande kile cha mbao, na tundu la zamani ulizibe kwa lami.

Upepo hauanzi kung'oa paa katikati. Huanza pembeni, kwenye ukingo wa chini na kwenye kilele. Kwa hiyo mahali hapo misumari iwe karibu karibu zaidi, na pale penye upepo mkali, kama uwanda wa Kinangop, kila mgongo wa ukingoni uwe na wake. Tena kuna jambo jingine ambalo mafundi wengi wa haraka huliruka. Paa zima laweza kuondoka na mbao zake kama kofia, mabati yakiwa bado yameshikana vizuri kabisa. Dawa yake ni waya mnene. Uzungushe kwenye ile mbao kubwa inayobeba paa na mbao iliyo juu ya ukuta, uukaze kwa koleo mpaka usicheze. Fanya hivyo kila mbao inapokutana na ukuta. Ni kazi ya asubuhi moja, na waya ni rahisi kuliko kitu kingine chochote tulichokitaja hapa.

Ukinunua mabati, uliza geji. Wengi hudhani namba kubwa ni bati nene, na sivyo. Geji 32 ni jembamba kuliko 30, na 30 ni jembamba kuliko 28. Duka likikuambia bati ni rahisi, tazama namba kwanza ndipo ufurahi.

Mifereji ya paa, ile iitwayo gata, watu huiona kuwa ni pambo la wenye fedha. Hebu tuhesabu. Milimita 1 ya mvua ikianguka juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Nyumba ya mita 6 kwa 8 ina mita za mraba 48. Mvua moja nzuri ya milimita 20 hukuletea lita 960, na hata ukitoa yale yanayorukia nje na yanayopotea, zitabaki lita 800 hivi. Hizo ni debe 40 ambazo hakuna mtu aliyezibeba mgongoni kutoka mtoni. Maji hayo hayo, pasipo gata, huanguka chini ya ukuta siku zote mahali pamoja, yakachimba, yakarushia matope ukutani, na ukuta wa udongo ukaanza kulika kutoka miguuni. Kama gata haijapatikana, panga mawe na changarawe kuzunguka nyumba pale maji yanapoangukia, na uchimbe mtaro mdogo wa kuyapeleka kwenye migomba au majani ya ng'ombe.

Katika skimu za chini, kama Lugari na za Machakos, adui wa nguzo ni mchwa. Kinangop wana baridi yao na hawausumbukii sana. Njia ya mchwa ya udongo ikionekana juu ya nguzo, ikwangue siku hiyo hiyo, na utazame tena baada ya wiki. Gonga nguzo kwa nyundo. Iliyo nzima hulia, iliyoliwa hutoa sauti ya kibuyu. Nguzo zilizoliwa zibadilishwe moja moja, na kabla ya kutoa ya zamani uliinue paa kwanza kwa mti wa kushikilia. Watu wameangukiwa kwa kusahau jambo hili.

Wachache walirithi nyumba za mbao za Wazungu, zenye dohani. Hao na waikwangue masizi dohani yao kila mwaka kabla ya baridi ya Juni na Julai. Masizi yakirundikana hushika moto, na nyumba ya mbao kavu ya miaka 70 haingoji mtu alete maji.

Choo nacho kina siku yake. Shimo lililochimbwa kwenye udongo laini bila kujengewa mdomo huporomoka katika mvua, na likiporomoka hakuna kutengeneza, ni kuchimba jingine. Jenga mdomo wake kwa mawe, inua udongo kuuzunguka ili maji yasiingie, na shimo liwe mbali na kisima, mita 30 au zaidi, upande wa chini.

Tuseme basi ulifanya yote, na bado tufani ikaja. Usiku ule usipande juu. Toa kwanza chakula na magodoro, funika mahindi kwa turubai, weka mawe au magunia ya mchanga juu ya mabati unayoweza kuyafikia ukiwa kwenye ngazi upepo ukitulia. Asubuhi kusanya mabati yote, hata yaliyokunjika, maana bati lililokunjika huweza kunyoshwa likaezeka banda la kuku, na lile zuri la bandani likarudi nyumbani. Hesabu mbao zinazofaa bado. Andika. Halafu ndipo ufikirie fedha, na ufikirie polepole, kwa kuwa siku ile ya kwanza ndiyo wanunuzi wa ng'ombe hupitia kwako kukupa pole.

Usimwuze ng'ombe anayekamuliwa. Akitoa lita 8 kwa sh. 45, ni sh. 10,800 kwa mwezi kabla ya gharama zake, na yule mnunuzi ajua hivyo kuliko wewe. Kama lazima mnyama auzwe, auzwe dume, au yule mzee aliyekwisha kukawia kushika mimba. Bora zaidi kuangalia miti ya kukata, kuku, au kazi ya vibarua ya wiki 2. Hata kuezeka nusu ya nyumba na familia kulala upande mmoja kwa mwezi si aibu.

Kuhusu kukopa, tazameni hesabu hii. M-Shwari ilipoanza mwaka 2012 ada yake ilikuwa 7.5 kwa mia kwa mkopo wa siku 30, na mikopo mingi ya simu iliyofuata haikuwa rahisi zaidi. Kwa mtu mwenye fedha inayokuja baada ya wiki 3, ni msaada. Lakini paa halitoi maziwa. Mtu akikopa sh. 10,000 za mabati kwa ada ya namna hiyo, akashindwa, akalipa mkopo huu kwa kukopa ule, mwezi kwa mwezi, kwa miezi 6, atakuwa ametoa sh. 4,500 za ada, na zile 10,000 bado anadaiwa. SACCO nyingi hutoza 1 kwa mia kwa mwezi juu ya salio. Sh. 10,000 zile zile, zikilipwa kidogo kidogo kwa miezi 6, faida yake yote ni sh. 350. Tofauti hiyo pekee ni mabati. Lakini SACCO haimkopeshi mgeni. Lazima uwe umeweka akiba kwanza, ndiyo sababu nyingine ya zile sh. 810. Na kama huna budi kukopa kwa simu, ulizia kwanza kama mwenye kukopesha ana leseni ya Benki Kuu ya Kenya. Kanuni za mwaka 2022 zinamtaka awe nayo, na zinamkataza kukutukana au kuwapigia simu ndugu zako kukuaibisha.

Jambo la mwisho katika fedha, na kwetu ndilo kubwa, ni kipande cha shamba. Kila skimu ina mtu aliyempa jirani robo ekari kwa sababu ya shida ya wiki moja, wakaandikiana karatasi mbele ya wazee. Chini ya Sheria ya Udhibiti wa Ardhi ya mwaka 1967, kuuza, kukodisha au kuweka rehani shamba la kilimo kunataka idhini ya Bodi ya Ardhi, na pasipo idhini mapatano ni bure. Mwuzaji hutakiwa kurudisha fedha ambayo amekwisha kuila, na mnunuzi amekwisha kupanda. Tena tangu mwaka 2012 sheria yataka mke au mume akubali kabla nyumba ya familia haijawekwa rehani. Mzee akija kukuambia, "Mwanangu, tuandikiane tu, sisi ni watu wamoja," mheshimu, mpe chai, na usitie sahihi.

Fedha ikipatikana, fundi naye apimwe kama mabati. Nenda ukaone paa aliloezeka mwaka juzi, si la mwezi jana. Mpatane kazi nzima na si siku, aandike vifaa vyote kwenye karatasi, wewe mwenyewe uvinunue na kuweka risiti ndani ya daftari. Mpe kidogo akianza, kidogo kazi ikifika nusu, na kilichobaki umpe baada ya mvua ya kwanza. Fundi mzuri hatakasirika. Atakayesema, "Mzee, niamini tu, nipe zote," mwambie unamwamini sana, na kwamba mvua haiko mbali.

Mabati yatakayosalia usiyalaze chini yakiwa yamebebana. Maji yakiingia kati yao huota kutu nyeupe kabla hata hayajaezekwa. Yasimamishe ndani, yakiegemea ukuta, juu ya vipande 2 vya mbao, na migongo yao ipate hewa.